Ovaroli Zilizofukizwa Udi

Wasichana wa lavandaria wameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kusahau sijasahau kitu. Ninachoogopa ni kwamba uzee utanifanya nisahau kuyaficha, basi bora niyaseme mwenyewe ningali na akili zangu. Nimeacha kazi juzi tu. Mikono imekataa maji ya baridi na magoti hayataki tena kuinuka. Wanaotaka kujua niliingiza nini na nilipandaje cheo waulize kwingine. Dobi hana cheo, na mwenye kampuni ndogo ndiye anayekula mwisho.

Kazi nilifundishwa na Bi Rukia, mwanamke wa kisiwa cha Macaloe aliyeolewa hapa Palma, kaskazini ya Msumbiji. Kisiwani kwao maji matamu ni ya shida, kwa hiyo alijua kufua shati kwa maji ambayo mtu mwingine angeyamwaga bila kufikiri. Mume wangu Amade ni fundi cherehani. Alichukua kazi ya gauni la Bi Rukia, likachelewa, likachelewa tena, mpaka yule bibi akaja mlangoni akasema fidia yake ni mimi: nimsaidie kufua hadi gauni liishe. Gauni liliisha wiki ile ile. Mimi nikabaki kwenye mabeseni.

Siku ya kwanza hakunipa nguo hata moja. Alinipeleka kisimani, akateka maji, akanisogezea kata.

"Onja."

Nikaonja.

"Yakoje?"

"Maji tu, bibi."

"Mjinga. Onja tena."

Kulikuwa na chumvi kwa mbali, chumvi ya kujificha. Visima vya karibu na pwani ndivyo vilivyo hapa kwetu. Sabuni haitoi povu, unamaliza mche mzima, kisha unailaumu sabuni. Nguo ikikauka inakuwa ngumu na mwenye nguo anajikuna. Bi Rukia alinizungusha kisima baada ya kisima mpaka ulimi wangu ukajua upi wa kufulia, upi wa kusuuzia na upi wa kumwachia mbuzi. Hadi leo nikifika ugenini naonja maji kabla sijamaliza kusalimiana, na wenyeji wanadhani nina kiu.

Somo la pili lilikuwa la mdomo. Tuliwafulia watumishi wa serikali walioletwa kutoka Maputo, Beira na Nampula: wauguzi, walimu, watu wa administração, yaani utawala. Dobi anajua nani anakunywa, nani amehamishiwa chumba cha wageni na mkewe, nani anakwenda kwa mganga huku mchana akiwacheka wanaokwenda. Nimewahi kukuta hirizi kwenye mfuko wa suruali ya bwana mkubwa mmoja. Bi Rukia aliitoa, akaianika kivulini, akairudisha mfukoni suruali ilipopigwa pasi, na asubuhi yake akamwamkia yule bwana kama kawaida. Kireno changu nilikipata kwa watu hao, hasa kupitia malalamiko yao. Neno la kwanza nililolijua sawasawa ni nódoa, yaani doa. La pili ni amanhã, yaani kesho, kwa kuwa ndilo tulilolijibu.

Pasi ilikuwa ya wifi yangu Zainabo, dada yake Amade. Alikuwa amekaa Quionga kwa mumewe, akarudi Palma mume alipofariki, na watoto wake wawili wa kiume na magunia ya vifuu. Kwa pasi ya mkaa hakuna kama makaa ya vifuu: yana moto mkali na hayarushi cheche kwenye shati la mtu. Zainabo alipiga pasi kanzu ikasimama yenyewe. Nasema hivi nami nikiwa dobi, sisifii hovyo.

Ulimi wake nao ulikuwa wa moto. Siku ya harusi yangu alitangaza mbele ya wakwe kwamba kaka yake alitumwa sokoni kununua nguru akarudi na dagaa. Nikamjibu kwamba dagaa angalau hana mwiba wa kumkaba mtu, si kama nguru niliyemwona mbele yangu. Wanawake wakapiga vigelegele, na tangu siku hiyo tukawa tunatukanana kwa mapenzi, asubuhi na jioni. Kwetu wifi ni mtu wa utani. Akianza kukuongelesha kwa adabu, ujue kuna jambo.

Kisha gesi ikapatikana. Iko baharini huko mbali, chini, hakuna aliyeiona kwa macho. Tulichoona sisi ni helikopta, magari meupe na vijana waliotembea na vyeti vyao kwenye mifuko ya plastiki. Kila mtu Palma akawa na mradi. Aliyekuwa na chumba kimoja cha ziada alikitia chokaa akakiita pensão, nyumba ya wageni. Mojawapo ya nyumba hizo ilitupa mashuka yake kufua, na hapo ndipo riziki ilipotokea. Mgeni mmoja, mtu wa kampuni ya ukandarasi iliyohudumia kambi ya watu wa gesi, alilala kwenye mashuka yetu na hakujikuna. Asubuhi aliulizia ni nani aliyeyafua.

Alikuwa na ovaroli za watu wake, nyingi. Lakini alisema hawezi kukabidhi mali ya kambi kwa wanawake wawili na kamba. Alitaka kampuni, yenye karatasi zake. Nimesikia vijana siku hizi wakisimulia kwamba mtu huanzisha kampuni kwa sababu ameota ndoto. Mimi sikuota kitu. Nilianzisha kwa kuwa ovaroli zilikuwa nyuma ya mlango, na mlango wenyewe ulifunguliwa kwa karatasi. Bi Rukia alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwuliza kama ninafanya ujinga.

Kwenye ofisi ya kusajili kampuni tulimkuta kijana mpole aliyeletwa kutoka kusini.

"Proprietário, mwenye kampuni, ni nani?" akauliza.

"Miye."

"Na mumeo yuko wapi?"

"Anashona."

"Basi aje atie saini."

"Atie saini ya nini, baba? Yeye hafui."

Zainabo akaingilia kutoka nyuma yangu: "Mwandike huyu huyu, senhor. Tukimwandika kaka yangu, kampuni italala saa sita mchana."

Kijana alicheka akaandika. Zainabo akawa sócia wangu, mshirika, na kampuni tukaiita Lavandaria Subira. Jina lilitufaa, maana karatasi zile zilisafiri kwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na kurudi mpaka nikawa najua madereva wote kwa majina ya watoto wao.

Tulijenga banda uani, paa la bati, tangi la maji, kamba ndefu za kuanikia. Tuliambiwa ovaroli za kambi hazitiwi javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, wala wanga, kwa sababu kitambaa chake kimetengenezwa kumkinga mtu na moto, na dawa hizo zinakiua. Zianikwe ndani nje. Mifuko ikaguliwe yote. Hayo yalikuwa mepesi. Shida ilikuwa watu. Sikujua kama nina shangazi wengi vile. Kila mmoja alikuja na binti yake, akiapa kwamba amezaliwa na sabuni mkononi, na nikimkataa nilikuwa nimemkataa mama, nyanya na ukoo.

Kisha msiba. Jirani yetu alifariki asubuhi, na kwa kuwa sisi ni watu tulikwenda wote, mimi nikiwa wa kwanza, tukaacha ovaroli zimelowa. Anayefua siku ya msiba wa jirani atazikwa na nani? Kesho yake wafanyakazi wa kambi walivaa nguo za jasho la jana, na hapo ndipo nilipomfahamu Dona Celeste. Alikuwa ofisa wa usalama wa kambi, mwanamke mwembamba wa Quelimane, sauti ya chini, na buti zilizoonekana kuwa za mtu mwingine.

"Mana, dada Atija," alisema, "mimi pia nimezika watu wangu. Sikulaumu. Lakini nipe njia."

Nikafikiri. Nikachukua wanawake kutoka kijiji cha Mute, kule kwenye barabara kuu, wenye mashamba yao na misiba yao. Palma ikifiwa, wa Mute wanafua. Mute ikifiwa, wa Palma wanafua. Msiba ulioziunganisha Palma na Mute ulitokea pia, bila shaka, maana watu huoana. Siku hiyo tulifua mimi na Amade, na Amade hajui kufua.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Marafiki wa Amade walimwita bwana wa Dona, yaani mume wa Bimkubwa. Yeye alikaa kwenye cherehani yake akashonea namba kwenye vifua vya ovaroli, moja moja, na chakula chake alikila kikiwa baridi. Mimi nilikaa kwenye ngoma ya harusi ya mtu nikiwaza dizeli ya jenereta ya bandani. Nilipoingia mahali wanawake wanapopiga soga, soga lilikatika. Wengine walikuwa na mabinti niliowakataa, wengine walikuwa na mabinti waliotaka kuchukuliwa. Wakaanza kuniita patroa, bosi wa kike. Hakuna aliyenieleza kabla kwamba mwenye kampuni hubaki peke yake hivyo katikati ya watu.

Zainabo peke yake hakubadilika. Nikiingia bandani ndio kwanza anapandisha sauti: "Haya, patroa amefika, ficheni sabuni, huyu mwizi!" Wanawake walicheka, nami nilicheka, na mzigo ukashuka kidogo. Niliijua thamani yake hata wakati ule. Kampuni ningeweza kuipoteza nikarudi kufua mashati ya walimu. Wifi yangu sikuwa na mwingine.

Sasa nifike kwenye udi.

Kambi ilipokea wafanyakazi wapya, tukaletewa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: ovaroli mpya na za zamani, zote zifuliwe pamoja zirudi siku moja. Wakati huo huo nikaitwa Pemba kwa ajili ya karatasi. Nikamwachia Zainabo kazi. Alifua, akaanika ndani nje, akapiga pasi, akakagua mifuko. Kisha akazitazama zile nguo zilivyopangwa, akaona zimepungukiwa na kitu. Nguo ya mgeni hairudi kwa mgeni ikinuka sabuni tu, kama shuka la hospitali. Basi alitoa tenga la kufukizia, akatia makaa kwenye chetezo, akaweka udi na ubani, ubani mzuri aliokuwa amewekea sikukuu, akatandaza ovaroli juu ya tenga kwa zamu mpaka moshi ukaingia kwenye kila mshono. Hivyo ndivyo tunavyofukiza nguo za bibi harusi, kanzu za Idi, hata sanda. Wanawake waliimba. Nimeambiwa ilikuwa siku nzuri.

Niliporudi nilikuta magunia yamelundikwa mbele ya mlango, na Zainabo amekaa juu yake.

"Wifi," alisema, "wamerudisha nguo safi."

Kilichotokea kambini kilikuwa hivi. Watu walivaa, wakaenda kwenye kazi zao, wengine karibu na matangi ya mafuta. Mmoja akanusa kitu kinaungua. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Wakatafuta waya unaoungua, hawakuuona. Mahali pa gesi na mafuta hapangojewi moshi uonekane. King'ora kikalia, kambi nzima ikatoka kukusanyika juani, kazi ikasimama, wakubwa wakakimbia huku na huku wakitafuta moto. Waliendelea hivyo mpaka mtu mmoja akajinusa kifua mwenyewe. Wafanyakazi walicheka sana. Wakubwa hawakucheka.

Dona Celeste alikuja alasiri. Hakupiga kelele. Aliomba aone, nikamwonyesha tenga na chetezo, nikamweleza nani hufukiziwa na kwa nini. Alipitisha kidole kwenye fito za tenga.

"Kwa hiyo mliwapa heshima," alisema.

"Heshima ya harusi, Dona."

"Nimekuelewa. Lakini wakubwa wangu hawaulizi habari ya heshima. Kwao kila kosa lina mtu. Wanataka jina, na mwenye jina hilo asishike tena nguo ya kambi wala asikanyage getini. Nisipowapelekea jina kesho, ovaroli zinakwenda Pemba."

"Na mwenye jina hilo, baadaye?"

"Jina likiingia huko halitoki. Então, fikiri."

Nilifikiri. Zainabo alikuwa na wanawe wawili, wote wakingoja kuitwa kazini kambini. Palma si kubwa. Jina la mama lingewatangulia getini. Kwa upande mwingine kulikuwa na wanawake wote wale wa Palma na Mute waliokuwa wamezoea kuondoka nyumbani asubuhi wakiwa na mahali pa kwenda. Nikamwuliza Amade. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Yule dada yangu, wewe mke wangu," alisema. "Mimi nilishona namba tu." Akaanza kukanyaga tena. Nilikasirika, lakini sijui angesema nini kingine.

Msinisifu kwa nililofanya. Nilikwenda getini asubuhi nikampa Dona Celeste jina langu.

"Ulikuwa Pemba," alisema.

"Kampuni haikuwa Pemba, Dona. Aliyewajibika ni miye."

Akaandika. Tulizifua ovaroli zote upya, tukazianika kwenye upepo mpaka hata mimi mwenye pua ya dobi sikusikia kitu. Maana yake, walizifua wao. Mimi sikuruhusiwa kuzigusa tena.

Nilidhani Zainabo atafurahi. Nilimkuta kwenye meza ya pasi nikamweleza, tena kwa kujitapa kidogo. Hakuinua kichwa. Alimaliza mkono wa ovaroli, akageuza wa pili.

"Nani kakutuma?" aliuliza.

"Wifi, wanao..."

"Wanangu wana mama." Akaiweka pasi juu ya kigae chake. "Haya. Nimesikia. Ahsante, Dona Atija."

Dona Atija. Nilifikiri ni utani, nikangoja acheke. Hakucheka siku ile, wala wiki ile, wala mwaka ule.

Tangu hapo nikawa mtu wa mezani. Wanaofundisha biashara husema mwanzilishi lazima aondoke kwenye beseni, aongoze. Ni kweli. Hawasemi kwamba inauma. Nilijifunza kuandika fatura, yaani hati za madai, kubishana na muuza dizeli, kuongea na simu huku natabasamu, na kupitia dirishani nikawaona wasichana wakisuuza kwa haraka, nikakaza meno. Zainabo ndiye aliyepeleka nguo getini, ndiye aliyefundisha wapya, na alifanya kila kitu sawasawa. "Sawa, Dona." "Nimeelewa, Dona." Siku ya Idi alikuja na sahani, akasalimia kama mtu aliyekuja kuposa. Jamaa walisema tumekua, tumeacha utoto.

Siku moja nilimchokoza makusudi. Nikamwambia pilau lake halina chumvi, na halikuwa na kasoro yoyote.

"Samahani, Dona," alijibu. "Nitaongeza."

Niliingia ndani nikalia kama mtoto. Kisha nikatoka nikamwuliza waziwazi nimemkosea nini.

Alifuta mikono kwenye kanga. "Ungelitaja jina langu, ningekutukana mpaka kaburini, na wewe ungenijibu, mambo yakaisha. Ukanisitiri. Mtu aliyekusitiri mbele ya watu wote utamtukana kwa mdomo gani? Nambie."

Wanawe waliitwa kazini, wote wawili, na kila mshahara ulipoingia nyumbani kwake, nadhani ulimkumbusha.

Kisha meli za kuchimba gesi zikamaliza kazi yao zikaondoka. Kambi ikapungua mpaka wakabaki walinzi. Tuliambiwa wakubwa wa dunia wanangoja decisão, yaani uamuzi, na decisão hiyo Palma nzima iliingoja, wenye pensão, wenye magari, vijana wenye vyeti. Ovaroli zikakoma. Wana wa Zainabo wakarudi nyumbani. Dona Celeste alikuja kuniaga na buti zake mkononi, miguuni kandambili, akasema jina langu pengine bado liko kwenye kompyuta fulani. Nikamwambia nimefika mbali, basi.

Nilikusanya wanawake nikawaeleza ukweli: kazi iliyobaki ni mashuka ya pensão moja, na pensão yenyewe haina wageni. Nilikuwa nimeamua kufunga. Wa Mute walishaanza kusema habari za mihogo yao.

Zainabo akasimama mahali pake. "Dona, naomba kusema. Watu wa hapa hawatalipa mtu awafulie, mikono wanayo. Lakini nguo za harusi, kanzu za Idi, nguo za watu wanaorudi Hija, kuzipiga pasi zikasimama na kuzifukiza sawasawa, hilo wasichana wa sasa hawajui, na mama zao wamechoka. Tufanye hilo."

Mtu mmoja akacheka kwa kukumbuka king'ora. Zainabo hakucheka. Alisema anataka udi mzuri, si wa kupunguza, na matenga mapya, na nisimharakishe.

Harusi ya kwanza ilitoka Quionga kwa jamaa za marehemu mumewe. Ya pili ilitoka hapa hapa. Ilikwenda polepole, nasi tulipoteza wanawake njiani. Wengine walirudi mashambani na hawakurudi tena kwetu, na sikuwalaumu. Lakini ilifika wakati bibi harusi wa Palma akaona aibu nguo zake zikifukiziwa nyumbani kienyeji. Watu walileta masanduku kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kampuni niliyoisajili mimi ikaokolewa na yeye, kwa kitu kile kile kilichotaka kuiua, na watu wote walijua. Nilifurahi mno. Bado aliniita Dona.

Nilipoona mikono imekataa nikamwita tuketi. Sikutaka kumpa kampuni kama zawadi. Zawadi nyingine kutoka kwangu ingemmaliza. Nikamwambia: "Nimechoka, na lavandaria siiwezi bila wewe, wala haijanihitaji tangu harusi ya kwanza. Ishike. Wasichana wawe sócias wako. Miye nguo zangu utanifulia, mikono haifui tena, na utanitoza kama mteja yeyote."

"Kama mteja?" aliuliza.

"Kama mteja. Usinipunguzie."

Alisema atafikiri. Kesho yake alikuja kuchukua funguo.

Nilikaa nyumbani nikapumzika, maana yake nilimsumbua Amade, mpaka nguo chafu zikajaa kapu. Wiki iliyopita nikazifunga furushi nikaenda. Kulikuwa na watu: mama wa bibi harusi na dada zake, mwalimu mmoja, kijana na kanzu yake. Nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika niliweka furushi mezani, na Zainabo akalifungua mbele ya watu wote kama anavyofungua ya kila mtu. Akainua kanga yangu ya juu kwa vidole viwili. Akaigeuza. Akainusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Wifi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "hizi kanga ulikuwa ukizivaa, au ukipangusia masufuria?"

Yule mwalimu akatazama chini. Wasichana nyuma ya meza walinikodolea macho, kwa kuwa hawajawahi kumsikia mtu akisema nami hivyo.

Nikamjibu. Nilichomjibu sikiandiki, maana mnaosoma haya mna mama zenu. Kisha nikakaa kwenye benchi la wateja, machozi yananitoka kwa kucheka, nikamsikiliza akinitukana kanga moja moja mpaka furushi likaisha.